"Amefaulu au amefeli?" Historia ya mtihani usio na kufeli

Mzazi aliyesoma Tanzania, Kenya au Congo akiletewa matokeo ya SAT ya mwanawe, swali la kwanza huwa ni hilohilo: amefaulu au amefeli? Mtoto anakuna kichwa. Anasema amepata 1120. Kati ya ngapi? Kati ya 1600. Sasa hiyo ni divisheni wani au siyo? Mtoto hana jibu, na wala hafichi kitu. SAT haina alama ya kufaulu. Haina divisheni, haina cheti, na hakuna mtu aliyewahi kuifeli.

Wazazi wetu walioko Marekani, na hata walio huku nyumbani ambao watoto wao wanaomba vyuo vya kule, mara nyingi hupewa maelekezo tu: jisajili hapa, jaza fomu ile, lipia pale. Yanasaidia. Ila mtihani huu una tabia ambazo maelekezo hayazielezi, na ukizisoma kwa macho ya Necta au KCSE utampa mtoto ushauri wa kumpoteza. Kwa hiyo leo tunarudi nyuma kidogo kuangalia ulizaliwa wapi, na kwa kazi gani.

Tuanze na wa kwetu. Mtihani wetu ni mjukuu wa Cambridge. Chuo hicho kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, na mitihani yake ikasafiri na himaya ya Uingereza mpaka ikatufikia. Tanzania ilifanya mitihani ya Cambridge hadi mwaka 1968, ikawa chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ikajitoa mwaka 1971, na Necta ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya ilifanya KCSE ya kwanza mwaka 1989. Majina yamebadilika lakini wazo limebaki palepale: kuna silabasi moja ya nchi nzima, mwisho wa safari kuna mtihani unaouliza yaliyomo kwenye silabasi hiyo, na mtihani huo ndio unaotoa cheti na kufungua mlango wa chuo. Wakongo wana Examen d'État yao, inayohesabiwa kwa asilimia, lakini roho yake ni hiyohiyo.

Marekani haijawahi kuwa na silabasi ya nchi. Elimu kule ni shughuli ya majimbo na wilaya, na katika karne ya 19 kila chuo kilijitungia mtihani wake wa kuingilia. Kijana aliyetaka kujaribu vyuo vitatu alijiandaa kwa mitihani mitatu tofauti. Mwaka 1871 Chuo Kikuu cha Michigan kikaja na njia nyingine: badala ya kuwatahini wanafunzi, maprofesa walikwenda kuzikagua shule. Shule ikionekana inafundisha vizuri, wahitimu wake waliingia chuoni kwa cheti cha shule, bila mtihani wa chuo. Vyuo vingi, hasa vya majimbo ya katikati na magharibi, viliiga.

Hapa naomba mzazi atulie kidogo, maana kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yanayofuata. Kule, rekodi ya shule ilianza kuwa tiketi ya chuo kabla SAT haijazaliwa, na bado ni hivyo. Mzazi aliyezoea mambo ya kwetu humwambia mtoto wa darasa la 9 asijisumbue na C ya historia, "kikubwa ni mtihani wa mwisho." Marekani huo mtihani wa mwisho haupo. Wastani wa alama za darasani, wanaouita GPA, unaanza kuhesabiwa darasa la 9, na mtoto anapotuma maombi mwanzoni mwa darasa la 12, chuo kinaona miaka mitatu yote ya nyuma. Anayezinduka darasa la 11 na kuanza kupiga msuli anakuta sehemu kubwa ya kesi imeshaamuliwa. SAT nzuri haifuti alama hizo, inakaa kando yake tu. Nimeona familia zinazolipia tuisheni ya SAT huku mtoto anadaiwa kazi za nyumbani za hesabu za muhula mzima. Wamemwagilia maji upande wa pili wa shamba.

Vyuo vikongwe vya mashariki havikupenda kuachia mtihani moja kwa moja. Mwaka 1900 viliunda College Board ili mtihani mmoja utumike na vyuo vingi, na Juni 1901 watahiniwa 973 wakaufanya kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na Kilatini, Kigiriki, historia, hisabati, fizikia, na majibu ya kuandika kwa mkono. Mzee wa Cambridge angejisikia yuko nyumbani kabisa.

Kilichobadilisha kila kitu ni vita. Marekani ilipoingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Yerkes alilishawishi jeshi lipime akili za askari wapya. Karibu watu milioni 1.7 walipimwa: Army Alpha kwa wanaojua kusoma, Army Beta, yenye picha, kwa wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza. Alpha ilikuwa na maswali mafupi ya kuchagua jibu, dakika chache kwa kila sehemu, na mamia ya watu wakipimwa kwa pamoja. Baadhi ya maswali yaliuliza bidhaa zilizotangazwa magazetini na wachezaji wa besiboli. Mhamiaji aliyeshuka melini miezi michache kabla angezijulia wapi?

Mmoja wa walioshughulikia matokeo hayo ni Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1923 alichapisha kitabu akidai kwamba takwimu za jeshi zinaonyesha watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini wana akili kuliko wengine, na kwamba kuchanganyika na wahamiaji kunashusha akili ya taifa. Kitabu kikasomwa sana na waliotaka kufunga milango ya uhamiaji. Brigham huyohuyo ndiye aliyepewa na College Board kazi ya kutengeneza mtihani mpya wa aina ya Alpha kwa wanaoomba vyuo. Tarehe 23 Juni 1926 vijana 8,040 wakaketi kuufanya. Jina lake likawa Scholastic Aptitude Test, na neno lile la katikati lilibeba dai zima: tunapima kipaji ulichonacho, siyo ulichofundishwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1930, Brigham aliandika hadharani kwamba vipimo vile havifai kulinganisha mataifa na makabila ya watu, na kwamba utafiti wake mwenyewe haukuwa na msingi. Si wasomi wengi wanaojikana kwa uwazi namna hiyo. Pia alipinga mpango wa kuunda shirika moja kubwa la mitihani, akihofia litauza vipimo kuliko kuvichunguza. Alifariki mwaka 1943. Mwisho wa 1947 shirika hilo, ETS, likaundwa.

Aliyelisukuma zaidi ni James Conant, rais wa Harvard kuanzia 1933, pamoja na msaidizi wake Henry Chauncey, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa ETS. Conant alikuwa anatafuta namna ya kuwapa ufadhili vijana wenye akili kutoka miji midogo, ambao shule zao hazikuwafundisha mitaala ya matajiri wa Boston. Mtihani usiotegemea silabasi ulimfaa. Kwa hiyo chombo kilichozaliwa kwenye kapu la ubaguzi kikapewa kazi ya kufungua mlango, na ubishi kama kinafungua au kinafunga haujaisha hadi leo. Mwaka 1942, vita ya pili ikiwa imepamba moto, ile mitihani ya kuandika ya 1901 ikaachwa na SAT ikabaki kuwa lango kuu.

Sasa turudi kwenye ile 1120. Aprili 1941 College Board ilichukua waliofanya mtihani mwezi huo na kuamua kwamba wastani wao uitwe 500. Waliofuata walipimwa kwa kulinganishwa na kundi lile, na ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 50, mpaka kipimo kiliporekebishwa mwaka 1995. Leo kila sehemu, ya kusoma na kuandika na ile ya hisabati, inakwenda kutoka 200 hadi 800. Namba hiyo haihesabu maswali uliyopata. Inasema umesimama wapi kwenye foleni ndefu. Ndiyo maana hata aliyekosa yote hapati sifuri, anapata 400.

Karibu na namba hiyo huandikwa pasentaili, na hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Tuseme pasentaili ni 72. Baba aliyezoea asilimia anaona "72 kwa 100," anasema si haba. Lakini maana yake siyo kwamba mtoto kapata asilimia 72 ya maswali. Maana yake ni kwamba ukiwapanga wanafunzi 100, mwanao amewafikia au kuwapita 72 kati yao. Na kama chuo anachokitaka huchukua zaidi walio juu ya 95, basi hiyo 72 ambayo baba anaipongeza haitoshi pale, ingawa kwa chuo cha jimbo lake inaweza kutosha na kubaki. Vyuo vingi hutangaza alama za katikati za waliowapokea, na kulinganisha na hizo kuna manufaa kuliko kulinganisha na mtoto wa jirani.

Si kila mtu Marekani alikubaliana na wazo la kupima kipaji. Everett Lindquist, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliona mtihani wa chuo uulize kile ambacho shule inafundisha. Mwaka 1959 alianzisha ACT, inayohesabiwa kutoka 1 hadi 36, na huyohuyo ndiye aliyebuni mashine ya kusahihisha majibu kwa mwanga. Kwa miaka mingi ACT ilikuwa na sehemu ya sayansi kwa wote. Kuanzia 2025 imekuwa ya hiari. Vyuo vinavyotaka mtihani hupokea wowote kati ya hii miwili, kwa hiyo mtoto anaweza kufanya jaribio la kila mmoja nyumbani na kubaki na unaomkaa vizuri.

SAT nayo imesogea taratibu kuelekea upande wa Lindquist. Miaka ya 1990 neno lile la kipaji liliondolewa kwenye jina, na leo herufi S, A na T hazisimamii neno lolote. Mtoto akikuambia hajui kirefu chake, hajakosa adabu.

Kilichosaidia kulivunja dai la kipaji ni tuisheni. Stanley Kaplan, mtoto wa fundi bomba wa Brooklyn, alianza mwaka 1946 kuwafundisha vijana kuikabili SAT, wakati wenye mtihani wakisisitiza kwamba kuufundishia hakusaidii. Mwaka 1979 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilichunguza na kukuta mafunzo yanaongeza alama. Si kwa mamia kama matangazo yanavyodai, lakini yanaongeza. Tangu 2015 Khan Academy imeshirikiana na College Board kutoa mazoezi bure mtandaoni, na mtihani unaweza kurudiwa. Kwetu kuresiti kuna harufu ya aibu. Kule ni jambo la kawaida, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zimepatikana siku tofauti.

Je, kuna ulazima wa kuufanya? Inategemea chuo, na inategemea mwaka. Janga la Uviko lilipoanza mwaka 2020 vyuo vingi viliufanya wa hiari, na Chuo Kikuu cha California kiliacha kabisa kuutumia kuchagua wanafunzi. MIT iliurudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikatangaza kuurudisha. Sababu ya Dartmouth ingefaa ijulikane na kila mzazi mhamiaji: walikuta waombaji wa familia za kipato cha chini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Mtoto aliona 1400 yake iko chini ya wastani wa chuo, akaona aibu asiitume. Maofisa wa udahili wao husoma alama hiyo pamoja na shule ilikotoka, na 1400 kutoka shule ambayo wengi wanapata 1000 ni habari nyingine kabisa. Pale ambapo mtihani ni wa hiari, basi, ni vizuri mtoto amuulize mshauri wa shule kabla ya kuamua kukaa kimya.

Kitu kimoja zaidi, kwa wale wanaopenda kumhoji mtoto akitoka mtihanini. Tangu 2024 SAT inafanywa kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14, maswali 98. Kila sehemu ina vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea alivyojibu cha kwanza. Wawili waliokaa dawati moja wanaweza kupewa maswali tofauti, kwa hiyo ule mchezo wetu wa kutoka nje ya chumba na kuulizana "namba kumi umeandika nini?" kule haupo tena. Na akirudi analalamika kwamba nusu ya pili ya hesabu ilikuwa ngumu sana, huenda ni kwa sababu ya kwanza aliipiga vizuri.