Mwezi Mosi, Maji Makubwa: Somo la Bahari Lililopotea Dar es Salaam



Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya magauni na piko, tuzungumze historia. Mimi nakaa Temeke, kazi yangu ni cherehani, na kila mwaka kumi la mwisho la Ramadhani hunikuta nimezama kwenye nguo za Idi za watoto. Mama akija kuchukua gauni la mwanawe nikamuuliza Idi wanakwenda wapi, mara nyingi jibu ni moja: baharini. Coco Beach, Kunduchi, Kigamboni. Na sikukuu zikikaribia wazazi hukumbushwa wasiwaache watoto peke yao ufukweni, kwa sababu wapo wanaokwenda na nguo mpya na wasirudi.

Imekuwaje watoto wa mji uliozaliwa na bahari wakawa hawaijui bahari? Ukilifuata swali hili nyuma, unakuta historia ya mama zetu.

Mji wa wavuvi

Kabla ya Dar es Salaam kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo. Washomvi katika masimulizi yao husema asili yao ni Barawa. Kaskazini yake, upande ambao leo ni Kinondoni, kulikuwa na Msasani na Kunduchi. Kusini, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa Temeke na sasa ni Wilaya ya Kigamboni, kulikuwa na Mbwamaji. Ukifika Kunduchi utaona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani za Kichina. Sahani hizo zilikuja kwa vyombo vya baharini, zikaishia juu ya makaburi ya Waislamu wa hapa hapa Mrima.

Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake mpya hapa katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Lakini Msasani na Kunduchi waliendelea kuvua, na watoto wao waliendelea kusoma bahari bila daraja la mwalimu.

Darasa lilifunguliwa maji yakitoka

Wengi tunadhani bahari ni ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaopanda ngalawa na mashua. Ni kweli kwa kina kirefu. Lakini ile sehemu inayoachwa wazi maji yakitoka, kuanzia mchangani hadi kwenye miamba, ilikuwa shamba la wanawake na watoto. Pwani nzima ya Waswahili wanawake wameokota kombe, chaza na tondo, wametafuta pweza kwenye mashimo ya mawe, na wametanda dagaa na uduvi kwa kitambaa, mmoja huku na mwenzie kule. Kitambaa hicho hicho cha kujifunga kiliweza kuleta kitoweo.

Mtoto wa miaka sita au saba alifuata nyuma na kikapu chake. Alijifunza kwa kuonyeshwa. Usimguse yule mwenye miiba mieusi. Buruta miguu mchangani, usiinyanyue, taa amelala hapo na ana mwiba. Bunju usimle, ana sumu inayoua. (Leo Kinondoni tunayo Bunju yenye nyumba hadi nyumba, na watoto wengi wa huko hawajui kwamba jina hilo ni la samaki pia.) Na kubwa kuliko yote: ukiona maji yameanza kurudi, geuka, usingoje yafike magotini.

Kwa mtoto wa kike umri huu ulikuwa na uzito wa pekee. Desturi ya Wazaramo na ya miji mingi ya pwani ilikuwa mwali akishavunja ungo huwekwa ndani. Kwa hiyo alichokuwa hajakijua kuhusu bahari kabla ya hapo kilimngoja mpaka aolewe. Miaka ambayo sasa tunaiita darasa la kwanza, la pili na la tatu ndiyo ilikuwa nafasi yake. Bi harusi aliyeingia nyumba ya mvuvi aliingia na elimu ya utotoni, na siku moja angeipitisha kwa wanawe.

Kalenda ya mama

Mama huyu asiyekuwa na saa alijuaje maji yatatoka lini? Alihesabu mwezi, mwezi ule ule wa kufunga na kufungua.

Maji ya bahari hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua. Katika pwani yetu, siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, yaani kimo cha chumba kutoka sakafuni hadi darini. Mwezi unapofika nusu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu, maji huwa mafu: hayatoki sana wala hayajai sana. Na kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana.

Kwa hiyo mama aliyefunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, alijua bila kuambiwa kwamba bamvua limewadia. Ibada na kitoweo vilisomwa angani mahali pamoja. Mtoto wa chuoni aliyekariri majina ya miezi kuanzia Mfunguo Mosi alikuwa amebeba kichwani nusu ya elimu ya bahari. Nusu ya pili aliipata kwa mama.

Kengele ya saa 4

Sasa angalieni jambo hili. Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua maji hutoka kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kule shuleni, saa 4 ndiyo kengele ya uji.

Shule ilikuja kwa heri, na mimi ni mmoja wa waliofaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya elimu ya msingi, na mabinti wengi wa pwani waliingia darasani kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Lakini saa za shule zilikuwa zile zile za kumfuata mama ufukweni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ifungamane na maisha ya watu, ila mara nyingi ilieleweka kuwa ni jembe na shamba. Mtoto alijifunza mahindi yanavyopandwa. Bamvua halikuwa na kipindi.

Mji nao ukakua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 270,000 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wetu tumetoka bara, au tumezaliwa Mbagala, Tandika, Manzese, mahali ambapo bahari iko umbali wa daladala moja lakini haionekani dirishani. Ufukweni nako zikajengwa kuta za hoteli na nyumba za watu wakubwa. Mwaka 1975 Serikali ilitenga visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini viwe hifadhi. Vizuri, matumbawe yalindwe. Lakini kwa mtoto wa Temeke kisiwa kikawa mahali pa kwenda kwa nauli ya boti.

Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wasijue bahari. Mama alibaki bila msaidizi wa kumbebea kikapu, na mtoto akabaki bila mwalimu.

Visiwani walivyolirudisha

Dada zangu wa visiwani, hapa nawapongeza. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe wa Chumbe kuwa hifadhi. Mwanzilishi wa mradi huo, mwalimu wa Kijerumani Sibylle Riedmiller, aliona kwamba mtoto wa kisiwani anasoma miaka yote bila kufundishwa matumbawe yaliyo mbele ya nyumba yao. Wavuvi wa zamani wakafunzwa kuwa walinzi na walimu wa mwamba. Wanafunzi wa shule wakapelekwa wakauone kwa macho yao, wakivaa miwani ya majini na maboya, kwa kuwa wengi wao, hasa wasichana, walikuwa hawajui kuogelea.

Kisha zikaja zile siku ambazo hatuzisahau. Tarehe 10 Septemba 2011, Idi imepita kama siku 10 tu, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit iliyoondoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki.

Katika miaka hiyo Panje Project ya Nungwi ilikuwa ikifundisha watoto na wasichana kuogelea na kuokoana. Mwaka 2016 mpigapicha Anna Boyiazis aliwapiga picha wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakijifunza katika ufukwe wa Muyuni, na picha hizo zikashinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Kilichowazuia wasichana siku zote kilikuwa stara, na stara ikapatiwa ufumbuzi wa kitambaa: suti ndefu ya kuogelea, ya aina ile iliyobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti.

Hapa fundi naomba niseme neno. Pamba hunywa maji, na baibui au dera likilowa huwa zito na hunata miguuni. Suti ya kuogelea inataka kitambaa cha nailoni kinachonyumbulika, suruali, kanzu fupi iliyoshikizwa kiunoni isielee juu, na kofia iliyoungwa shingoni. Haihitaji fundi wa ng'ambo.

Idi mbili, bahari mbili

Narudi kwa watoto wa Idi. Idi el-Fitri ni mwezi mosi, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, inaangukia kwenye bamvua. Asubuhi tunaposwali na kula pilau, bahari imetoka mbali na mwamba uko wazi. Watoto wanafika Coco Beach baada ya adhuhuri na kukuta vidimbwi vya kuchezea. Wakati huo maji yanarudi, na katikati ya safari yake ndipo yanapokimbia zaidi. Kufika saa 10 alasiri pale walipokuwa wakirukaruka hapana tena pa kusimama. Idi el-Hajj ni tarehe 10, karibu na maji mafu, na saa zake ni nyingine kabisa.

Mtoto wa darasa la pili anaweza kulijua hili. Anajua kuhesabu hadi 30 na anaujua mwezi. Mwalimu anaweza kumfundisha kwa chaki tu, akichora mwezi ubaoni na mstari wa maji chini yake, wiki nne mfululizo, hata kama shule iko Mbagala. Mama anaweza kumuuliza jioni, leo mwezi ngapi, basi maji yakoje? Na kabla ya kutoka, jedwali la maji la bandari litampa saa kamili.

Wewe bi harusi mtarajiwa unayesoma hapa, kati ya mambo ambayo somo na shangazi wanakufunda, waulize na hili. Kama bibi yako wa pwani yuko hai, kaa naye kabla ya harusi, akueleze alivyokuwa akihesabu bamvua. Elimu hiyo ni ya ukoo wako, na mwanao ataihitaji.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, nchi kavu na majini. Amin.

Wassalaam.