Bili Isiyokufa: Historia ya Ada za Nyumba za Likizo za Zamu

Mwaka unapokaribia kwisha, mamilioni ya familia za Marekani huanza kupokea bili ya nyumba ambayo pengine hawajaikanyaga tangu mwaka juzi. Hawakulala humo, hawakuwasha taa, hawakuchafua shuka hata moja. Wanadaiwa kwa sababu siku moja, huenda miaka 20 iliyopita, walinunua wiki.

Ndivyo biashara yenyewe ilivyo. Nyumba moja ya likizo, iwe ufukweni Florida au mlimani Ufaransa, hugawanywa kwa kalenda: kila mnunuzi ana wiki yake, na wiki nyingine zina wenyewe. Bei ya kununua hulipwa mara moja, taslimu au kwa mkopo. Ada ya matunzo hulipwa kila mwaka, uende usiende. Kwa hesabu za chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo nchini Marekani, karibu kaya milioni 10 zimo katika umiliki huu wa zamu, na wastani wa ada umeshapita dola 1,000 kwa mwaka. Wanaosemwa sana ni wauzaji na ulimi wao wa asali, na wanastahili kusemwa. Lakini maneno yao huisha asubuhi ile ile waliyoyatamka. Bili inabaki.

Mwanzo wake ni Ulaya. Mwaka 1963, nchini Uswisi, Alexander Nette na Guido Renggli walianzisha kampuni ya Hapimag. Mteja alinunua hisa, hisa zikampa pointi, na pointi zikamfungulia mlango wa nyumba za kampuni katika nchi mbalimbali. Miaka minne baadaye, katika kituo cha michezo ya theluji cha Superdévoluy kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, wajenzi walikuja na hoja iliyowavuta watu wengi: ya nini kupanga chumba kila mwaka, ilhali unaweza kuinunua hoteli kwa gharama ndogo zaidi?

Hoja hiyo haikuwa uongo. Ilikuwa nusu. Anayepanga chumba hotelini hulipia dobi, mlinzi na fundi wa paa ndani ya bei ya usiku mmoja, na bei isipompendeza mwakani huenda kwingine. Aliyeinunua hoteli amenunua pia matumizi yote ya mwenye hoteli, na hana pa kwenda.

Chukua jengo lenye nyumba 100. Kila nyumba inauzwa kwa wiki 51, na wiki moja inaachwa kwa ajili ya ukarabati. Hao ni wamiliki 5,100 wa jengo moja. Chama chao kinapaswa kulipa mishahara ya wahudumu, umeme, maji, bima, kodi ya majengo, fundi wa lifti na dawa ya bwawa la kuogelea. Kisha kitenge fungu la mfuko wa akiba, kwani paa lina umri wake, na magodoro na majokofu nayo yana umri wake. Juu ya hayo yote kuna malipo ya kampuni inayosimamia. Jumla inagawanywa, na kila mmoja anapelekewa sehemu yake. Nyumba anayoishi mtu na familia yake hutumika kwa upole. Nyumba ya zamu hupokea wageni wapya kila wiki, mwaka mzima, na sofa lake halijui mapumziko.

Marekani iliipokea biashara hii kwa pupa, na sababu ilikuwa dhiki. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya Oktoba 1973 na uchumi ukayumba, wajenzi wa Florida walijikuta na majengo mapya ya ghorofa yasiyo na wanunuzi. Nyumba nzima haikuuzika. Wiki moja moja ziliuzika. Mwaka 1974, mjini Indianapolis, Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI, kampuni ya kuwawezesha wamiliki kubadilishana wiki, na miaka miwili baadaye ikaja Interval International ya Miami. Aliyechoka kwenda Florida kila mwaka sasa aliweza kwenda Hispania. Shida ya kuchoshwa ikapata dawa, na dawa ikawa na bei yake: ada ya uanachama kila mwaka, na malipo mengine kila unapobadilishana. Hizo hazimo kwenye ada ya matunzo. Zinakaa juu yake.

RCI iligawa kalenda kwa rangi. Wiki nyekundu zilikuwa za msimu unaogombewa, nyeupe za kati, bluu za msimu mkavu wa wateja. Mwenye wiki nyekundu alipata kwa kubadilishana karibu chochote alichotaka. Mwenye bluu alichagua katika mabaki. Lakini katika hoteli nyingi bili haikuwa na rangi. Mwenye wiki ya Krismasi na mwenye wiki ya Septemba, wakati vimbunga vinapiga Florida, walilipa ada sawa, kwa kuwa choo husafishwa kwa gharama ile ile katika misimu yote. Kihasibu ni sawa kabisa. Kwa mtu wa Septemba ilikuwa njia ya uhakika ya kulipia likizo zaidi ya bei ya kuipanga mtaani.

Fujo za wauzaji ziliifanya Florida itunge sheria ya umiliki wa zamu mwaka 1981. Leo mnunuzi wa huko ana siku 10 za kuuvunja mkataba, na wa Nevada ana siku tano. Kisha wakaja wakubwa: Marriott mwaka 1984, Disney mwaka 1991, Hilton mwaka uliofuata. Majina hayo yaliitakasa biashara iliyokuwa imechafuka. Wiki nazo zikaanza kugeuka pointi, lakini kila pointi ikabaki na ada yake.

Siri moja ya miaka ya mwanzo haikuwa siri hata kidogo; imeandikwa kwenye sheria. Florida humruhusu mjenzi, wakati bado anauza, kuwahakikishia wanunuzi kwamba ada haitavuka kiwango fulani, na upungufu anaufidia mwenyewe. Kwa hiyo ada anayoonyeshwa mteja mezani, mbele ya kifungua kinywa cha bure na tiketi za bustani ya michezo, inaweza kuwa ada iliyobebwa. Jengo likishauzwa lote, mjenzi anaondoka na mbeleko yake. Hapo ndipo wamiliki hukutana na gharama halisi, na jengo nalo limeanza kuzeeka.

Ikumbukwe pia kwamba paa halijali nani amelipa na nani hajalipa. Ada ikiwa dola 900 na mmiliki mmoja kati ya 10 akaacha kulipa, walio waaminifu watalazimika kutoa dola 1,000 kila mmoja ili hesabu ifunge. Nyongeza hiyo inamchosha mwingine, naye anaacha. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, watu walipopoteza kazi na nyumba zao za kuishi, wiki za likizo zilikuwa za kwanza kutelekezwa, na vyama vya wamiliki viliachiwa pengo la kuziba.

Ada ya mwaka angalau mtu huitarajia. Kinachowaangusha wengi ni mchango maalumu, ule unaoitishwa mfuko wa akiba usipotosha. Mfano unaotajwa sana ni wa The Point at Poipu, katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hoteli iliyokuwa chini ya usimamizi wa Diamond Resorts. Maji yalikuwa yakipenya kwenye kuta. Mwaka 2011 bodi ya chama iliitisha mchango wa takriban dola milioni 65.8. Mwenye wiki moja, ambaye siku zake za kuiangalia bahari ile ni saba kwa mwaka, alijikuta akidaiwa maelfu ya dola kwa ukuta asiojua uko upande gani. Shauri likafika mahakamani.

Na kampuni ya usimamizi? Mikataba mingi ya makampuni makubwa huilipa asilimia ya gharama zote za uendeshaji, kwa kawaida kati ya 10 na 15. Maana yake ni kwamba gharama zikipanda, msimamizi hula zaidi. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote wizi. Utaratibu wenyewe haumpi msimamizi sababu ya kubana matumizi. Hilo ndilo kosa kubwa la biashara hii kuliko porojo zote za wauzaji: mkataba usio na mwisho umefungwa na bili isiyo na kikomo, na anayeiandaa bili ananufaika ikikua.

Mwenye nyumba ya kawaida akishindwa, huiuza. Mwenye wiki hukuta soko limejaa wenzake. Kwenye mnada wa eBay wiki zilizonunuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola zimetangazwa kwa dola moja, na bado zikakosa mnunuzi, kwa kuwa atakayetoa dola hiyo anajitwisha ada za miaka yote ijayo. Uhitaji huo ulizaa biashara nyingine ya kuwaahidi wamiliki kwamba watatolewa kwenye mikataba. Mwaka 2021 kampuni moja mashuhuri ya kazi hiyo, Reed Hein ya jimbo la Washington, ilikubali kulipa dola milioni 2.61 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na mwanasheria mkuu wa jimbo. Kuna waliofanya mabaya zaidi. Shirika la upelelezi la FBI limesema kati ya 2019 na 2023 Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa matapeli wa nyumba za zamu zilizoko Mexico, na serikali ya Marekani imelitaja genge la dawa za kulevya la Jalisco kuwa mmoja wa wahusika wakuu. Matapeli hupiga simu wakijifanya wamempata mnunuzi. Kinachobaki ni kulipia kodi na vibali kwanza, na vibali hivyo haviishi.

Ulaya, ilikozaliwa biashara hii, ilichoka mapema. Uingereza ilitoa siku 14 za kujifikiria mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukazifanya 14 kwa nchi zote kwa sheria ya 2008. Hizo zinamsaidia anayetia saini leo. Hispania ilikwenda kwenye mzizi: sheria yake ya 1998, iliyoanza kutumika Januari 1999, ilisema haki ya zamu idumu kati ya miaka mitatu na 50, basi. Wauzaji wengi waliendelea kuuza mikataba ya milele kana kwamba sheria haipo. Januari 2015 Mahakama Kuu ya Hispania, katika kesi ya mteja wa Norway dhidi ya Anfi ya kisiwa cha Gran Canaria, iliamua kwamba mkataba wa namna hiyo ni batili. Mafuriko ya kesi yalifuata, na wazee waliokuwa wakilipa ada kimyakimya wakaanza kudai fedha zao.

Ufaransa ilichelewa zaidi. Pale, kwa sheria ya 1986, mnunuzi huwa mwanahisa wa kampuni inayomiliki jengo, na mwanahisa hulazimika kuchangia gharama. Akifa, hisa na deni lake huenda kwa watoto, hata wasiopenda theluji. Ilibidi isubiriwe sheria ya Julai 2009 ili mrithi apewe haki ya kujitoa, mradi asiache miaka miwili ipite tangu arithi.

Marekani haijaweka kikomo cha aina hiyo kwa taifa zima, ingawa kuna makampuni yaliyojiwekea. Mikataba ya kwanza ya Disney, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ilipangiwa kumalizika tarehe 31 Januari 2042. Mwaka 2007 wamiliki wa hoteli ya Old Key West waliulizwa kama wangependa kulipia nyongeza ya miaka 15, hadi 2057. Wengi walikataa. Bili yao ya ada huja kila Januari, na wamebakiwa na idadi ya Januari inayohesabika.