Maji ya Lipingo ni ya Nani?



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, aliyehamia upande wa Nyasa na kuoa huko, alinialika katika harusi ya binti yake. Nikasafiri kutoka Pwani, nikapita Masasi, Tunduru na Songea, nikapanda milima ya Mbinga yenye mibuni, kisha nikateremka mpaka ziwani, nikafika Lipingo. Asubuhi ya pili nilikaa ufukweni na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake wa usipa. Alipojua kwamba mimi ni mwalimu aliniuliza: "Sheikh, wewe umesoma. Hapa nilipokaa ni Tanzania. Nikisukuma mtumbwi wangu majini, nimeingia nchi gani?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Baba yake alivua katika maji yale, wanawe wanavua humo, na redioni amekuwa akisikia mara kwamba nusu ya ziwa ni yake, mara kwamba hata tone moja si lake.

Swali la mzee yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ndani yake umo mtihani wa kila taifa dogo lililopata uhuru juzi. Taifa kama hilo ni mfano wa mtu aliyerithi nyumba ambayo hati yake iliandikwa na wageni, wala hakuwapo siku ya kuandikwa, kisha akatakiwa akae na majirani zake kwa hati hiyohiyo.

Na tuanze na hiyo hati. Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana nchi. Sisi watu wa Pwani tunaujua kwa upande wetu. Kwa mkataba ule Mjerumani alikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza, akaiacha na Witu, naye akapewa kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini. Mwingereza akaahidi kumshawishi Sultani aiachie Ujerumani mrima wake wote, tangu Umba mpaka Ruvuma. Sultani akauachia, kwa fidia ya marki milioni 4.

Jambo tusilolikumbuka ni kwamba karatasi hiyohiyo iliyochukua mrima wetu ndiyo iliyochora mpaka wa Nyasa. Iliandikwa humo kwamba mpaka wa Mjerumani utafuata ufukwe wa mashariki wa ziwa, kisha wa kaskazini, kisha wa magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe. Yaani mchanga uwe wa Mjerumani, na maji yawe ya Mwingereza. Mzee wa Kilwa na mvuvi wa Lipingo waliuzwa siku moja, mezani pamoja, na hakuna aliyeulizwa kati yao.

Wala hayo hayakuwa maneno ya karatasi tu. Mwezi Agosti 1914, vita kuu ilipoanza Ulaya, manowari ya Kiingereza *Gwendolen* ilivuka ziwa ikaipiga meli ya Kijerumani *Hermann von Wissmann* iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mabwana wa mbali wakapigana, na wenye mwambao wakatazama moshi.

Baada ya vita hiyo Mwingereza akawa mtawala wa pande zote mbili, Nyasaland na Tanganyika. Mtu akimiliki vyumba viwili vya nyumba moja, hajali sana ukuta wa katikati uko wapi. Katika miaka ile zipo ramani zilizopitisha mpaka katikati ya ziwa, na zipo zilizoupitisha ufukweni. Alipoondoka, alituachia ramani zisizosemezana.

Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na Malawi tarehe 6 Julai 1964. Mwezi huohuo wa Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, wakakata shauri kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru wake. Aliyelisimamia shauri hilo mbele ya wenzake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Somalia na Morocco zilikataa, wengine wakakubali.

Ndugu msomaji, usiidharau hekima iliyokuwamo. Wakoloni walikata makabila kama mtu akatavyo nguo bila kupima. Wamakonde na Wayao wako pande mbili za Ruvuma, Wamasai wako Kenya na Tanganyika, Wasomali wako nchi tatu au nne. Kama kila mmoja angesimama kudai cha babu yake, Afrika nzima ingekuwa uwanja wa vita. Nchi dogo isiyo na jeshi kubwa wala fedha hujikinga kwa sheria na kwa neno lake. Lakini ngao hiyo ina uzito wake. Ukiwaambia majirani waheshimu mpaka wa mkoloni, siku moja jirani atakwambia nawe uuheshimu, hata kama mpaka huo unamnyima mvuvi wako maji ya kuoshea uso.

Na kwa kweli kulishika neno kuliigharimu Tanzania katika miaka ile. Unguja na Tanganyika zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Unguja ilikuwa imekwisha itambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na kanuni ya kutokuwa na urafiki na yeyote amtambuaye hasimu wake. Dar es Salaam ikatafuta njia ya kati, ikakubali ofisi ya konseli tu. Bonn haikuridhika. Mapema mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye Mwalimu akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya shingoni, basi na misaada yao mingine ya serikali iende nao.

Mwaka huohuo, tarehe 11 Novemba, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Nchi za Afrika ziliazimia kuvunja uhusiano na Uingereza ikiwa haitauzima uasi ule kufikia tarehe 15 Desemba. Siku ilipofika, waliolitimiza azimio walikuwa wachache. Tanzania ilikuwa mmojawapo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukitazamiwa kutoka London ukazuiliwa. Kwa taifa lililokuwa likihesabu senti, fedha hizo zilikuwa barabara, visima na shule.

Basi hapo ndipo lilipozuka suala la ziwa. Januari 1967 Serikali ya Tanzania iliiandikia Malawi kwamba mpaka wa haki ni katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa mengi yanayopakana kwa ziwa. Ilikuwa na hoja zake: zile ramani za katikati, na kwamba mpaka wa ufukweni hautulii, kwani ziwa likijaa kwa mvua, mpaka huingia mashambani mwa watu. Katikati ya mwaka huo Rais Kamuzu Banda aliyakataa madai hayo, akashika karatasi ya 1890 na azimio la Cairo. Lazima tuseme kwa insafu kwamba hoja yake haikuwa nyepesi. Hata serikali yetu wenyewe, miaka ya mwanzo ya uhuru, ilikuwa imesema bungeni kwamba ziwa liko nje ya mpaka wa Tanganyika.

Ugomvi huo haukuwa wa maji peke yake. Mawaziri wa Malawi waliokosana na Banda mwaka 1964 walikimbia nchi, na baadhi yao walipata hifadhi Dar es Salaam. Chama cha Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kikipigana na Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Oscar Kambona, aliyeshika Wizara ya Mambo ya Nje katika miaka ile ya mwanzo, alizaliwa Kwambe, kwenye mwambao wa ziwa hilohilo. Na Malawi nayo, mwaka 1967, ilifungua uhusiano wa kibalozi na Makaburu wa Afrika ya Kusini.

Wengi walimwita Banda msaliti. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa chuoni, nikilisikia neno hilo kwa wakubwa. Leo nikiwa mtu mzima nalaumu uamuzi wake, lakini naona pia shida yake. Nchi yake haina bahari. Mizigo yake ilipita bandari za Msumbiji zilizokuwa mikononi mwa Mreno, na vijana wake wengi walikuwa wakichimba dhahabu kwa Makaburu. Alipojenga mji mkuu mpya wa Lilongwe, alikopa kwa Makaburu. Tanzania ilikuwa na bahari, ikaweza kusema hapana, na ilipokataliwa reli ya kwenda Zambia na nchi za Magharibi ilikopa China bila riba, ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kati ya mwaka 1970 na 1975. Anayeishi juu ya kisima asimcheke upesi anayeomba maji mlangoni kwa dhalimu.

Mwaka 1968 Banda alizidisha, akadai hata sehemu za nchi kavu za Tanzania, Zambia na Msumbiji. Maneno yalikuwa makali, lakini nchi hizi mbili hazikuingia vitani kwa ajili ya ziwa. Hilo ni jambo la kushukuru. Mwaka 1980, huko Lusaka, zote mbili zilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizounda umoja wa kusaidiana kiuchumi Kusini mwa Afrika.

Lakini kunyamaza si kumaliza. Mwaka 2011 Malawi ilitoa kibali kwa kampuni ya kigeni kutafuta mafuta chini ya ziwa, na mwaka 2012 ugomvi ukaamka upya. Ukapelekwa kwa wazee wa Afrika waliopata kuwa marais, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, nao hawakuweza kuwapatanisha. Watoto walirithi deni ambalo baba zao waliliacha bila kuliandika.

Tupate nini katika tarikh hii? Kwanza, mnyonge akivunja neno lake huwa hana tena cha kujikingia, basi na alishike hata likimuuma. Pili, kushika neno si kuacha kudai haki. Haki ya mvuvi idaiwe mbele ya mezani, kwa hoja na kwa subira, huku jirani akibaki jirani. Tatu, deni liandikwe na limalizwe wakati nyoyo zimetulia. Ndugu wawili wasiogawana shamba la baba yao kwa amani, watakuja kuligawana wajukuu kwa mapanga, hasa siku itakaposemwa kwamba chini yake pana mali.

Nilimweleza mzee wa Lipingo habari hizi kwa ufupi. Akasikiliza mpaka mwisho, sindano ya nyavu mkononi. Kisha akasema, "Usiku wa giza tukiwa kilindini, huwa tunakutana na wenzetu wa ng'ambo. Karabai yao ikizimika tunawapa mafuta, na yetu ikizimika wanatupa. Hawa wakubwa wakitaka kujua katikati ya ziwa ni wapi, na waje watuulize sisi."

Akainamia wavu wake. Sikuwa na la kuongeza.

Wabillahi taufiq.