Göran Hydén na Swali Ambalo Halijafika Murusagamba

Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini watu hupiga kura, na kwa nini wengine huacha, aanzie Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo twauita Kagera. Huko, katika miaka ya 1960, kijana kutoka Sweden, Göran Hydén, alifanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu. Tasnifu hiyo ilitoka Lund mwaka 1968, nayo aliipa jina la Kiswahili: TANU Yajenga Nchi.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa chama kimoja. Katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Kampeni zilifanywa kwa Kiswahili tu, na hoja za kabila na dini zilipigwa marufuku. Aliyedhani ni mchezo wa kuigiza alishtuka Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoangushwa. Katika kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe mwaka 1967, Hydén alieleza mchakato huo Bukoba na Karagwe.

Pale ambapo chama ni kimoja, mpiga kura hachagui sera, humpima mtu. Ametuletea nini? Hurudi nyumbani? Mwaka 1972 Hydén, pamoja na Colin Leys, alilinganisha chaguzi za namna hiyo za Kenya na Tanzania. Mwaka 1980 akaja na hoja iliyozua mjadala mkubwa: mkulima wetu hajatekwa na dola, kwa kuwa anaishi kwa shamba na jamaa zake. Wakosoaji walijibu, na kwa haki, kwamba mkulima wa kahawa alikwisha kutekwa na soko zamani. Hata hivyo, mimi naona humo onyo: asiyeona faida ya serikali anaweza kuipa kisogo siku ya kura.

Kusini ya Karagwe iko Ngara, na humo kata ya Murusagamba, jirani na Burundi. Wilaya hii ilipokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu mwaka 1994. Penye mpaka unaopita kati ya ndugu na ndugu, mtu aweza kuulizwa uraia wake kabla ya kuulizwa chaguo lake. Swali hilo halikumkabili mpiga kura wa Bukoba mwaka 1965 kwa uzito huo.

Mwaka 2005 walijitokeza takriban asilimia 72 ya waliojiandikisha nchini. Mwaka 2010, takriban 43 tu. Tume huhesabu kura zilizopigwa. Sababu za waliobaki nyumbani hazina sanduku.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, msiishie kwenye majedwali. Nendeni vijijini kama alivyokwenda Hydén. Nanyi watumishi wa umma, mwananchi anapoulizwa, “Mbona hukwenda kupiga kura?”, hakikisheni anaweza kujibu bila hofu. Jibu lake nalo ni kura.