HISTORIA: Dampo la Marekani, kibanda cha Tandika, na kwa nini situpi CD zangu za PS2

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, utatukuta kesho. Kuna kitu kinanikaa rohoni na nataka nikitoe.

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, alikuja geto kwangu. Katika kupekua pekua akavuta boksi chini ya kitanda. Ndani kuna PS2 moja ile nene, pedi tatu (moja kitufe kimezama), memori kadi mbili, na CD zaidi ya sabini. Nyingi ni za kukopi, zimeandikwa kwa maka peni. Dogo akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hizi si ndiyo zile wanatundika bustanini kufukuza ndege?"

Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni refu na linaanzia mbali, kwenye shimo la taka huko jangwani Marekani. Twende taratibu.

TAKATAKA ILIYOINGIA MAKUMBUSHO

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilikuwa ndiyo baba lao wa gemu za nyumbani. Mashine yao, Atari 2600, ilikuwa sokoni tangu 1977. Ikatoka filamu ya E.T., dunia nzima ikaipenda, Atari wakataka gemu yake iwahi Krismasi. Mtengenezaji akapewa wiki kama tano tu. Wiki tano, wadau! Gemu ikatoka mbovu, ikatengenezwa kwa wingi, ikadoda.

Mwaka uliofuata soko lote la gemu Marekani likaanguka. Maduka yamejaa gemu mbovu, wanunuzi wamechoka. Septemba 1983 Atari wakapakia mzigo kwenye malori, wakaufukia kwenye dampo la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, na zege wakamwaga juu.

Sasa sikia hii. Aprili 2014 watu walirudi kuchimba lile dampo. Wakatoa kaseti zaidi ya elfu moja, zinanuka, zimepondeka. Nyingine zikauzwa mnadani na mji ukapata zaidi ya dola 100,000. Moja ikaenda Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Ile ile gemu ambayo watu walisema ni mbovu kupita zote.

Ndiyo maana namwambia dogo: unachokiita taka leo, usikiite kwa sauti kubwa sana.

GEMU ZILITUFIKIAJE SISI

Wakati Wamarekani wanafukia, Wajapani walikuwa wanafungua. Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo waliingiza sokoni mashine inaitwa Famicom. Mwaka 1985 wakaipeleka Marekani kwa jina la NES, na humo wakaweka chipu ya kufuli ili gemu isiyoidhinishwa isicheze. Ila ile Famicom ya kwao Japani haikuwa na kufuli hiyo. Viwanda vya Taiwan na China vikaona upenyo, vikaanza kutengeneza mashine za kuiga kwa bei ya kutupa.

Zile mashine za kuiga ndizo sisi tuliita "TV gemu". Kaseti ya njano, imeandikwa gemu 9999, ukifungua unakuta ni gemu kumi na kitu zinajirudia. Bunduki ya plastiki ya kupiga bata. Kaka zetu walikua na Mario miaka mingi na wengine hawakuwahi hata kulisikia jina la Nintendo. Kwa hiyo historia yetu ya gemu ilianza na feki, na mimi siioni kuwa ni aibu. Bila feki tusingecheza.

Halafu ikaja PlayStation. Hii nayo ina mkasa wake. Mwanzo Sony na Nintendo walikuwa wanashirikiana kutengeneza mashine ya CD. Juni 1991 Sony wakaitangaza Chicago, na siku iliyofuata Nintendo wakatangaza kwamba wanaenda na Philips. Yaani ni kama umetangaza posa, kesho yake unamuona bibi harusi kwenye picha na jamaa mwingine. Sony wakasema sawa, tutafanya wenyewe. Desemba 1994 PlayStation ikatoka Japani, na ikawa konsoli ya nyumbani ya kwanza kupita mashine milioni 100.

Na ile mashine ya majaribio ya wakati wa uchumba wao? Moja ilibaki. Ilikaa kwenye vitu vya kampuni iliyofilisika, mtu akavinunua vyote kwa pamoja kwa dola 75. Mwaka 2020 ikauzwa mnadani dola 360,000. Haya, endelea kutupa vitu.

KIBANDA

Mimi ni mtoto wa PS2. Ilitoka Machi 2000 na mpaka inaacha kutengenezwa ilikuwa imeuza zaidi ya mashine milioni 150. Mpaka leo hakuna konsoli iliyoipita.

Kwetu Tandika hakuna aliyekuwa nayo nyumbani. Tulikuwa na kibanda. Fremu moja, TV za chogo nne, mabenchi, feni moja inayopuliza joto. Mechi moja shilingi 200, anayefungwa anapisha. Mwenye kibanda tulimwita Bro, na kibao cha sheria zake kilikuwa ukutani: hakuna matusi, hakuna kukopa, mwenye sare za shule asiingie. Hiyo ya tatu tuliitatua kwa kubeba fulana kwenye begi.

Gemu ilikuwa Winning Eleven. Nyingi zilikuwa za Japani, menyu yote Kijapani, na sisi tulikariri. Mstari wa tatu, shuka mara mbili, bonyeza duara. Kwa Wajapani duara ndiyo kukubali na msalaba ndiyo kughairi, kinyume na walivyozoea Wazungu. Hatukujua herufi hata moja lakini tulipanga kikosi, tulifanya sabu, tulibadilisha mfumo.

Na Bro alijua kuedit. Alichukua timu mbili za ndani ya gemu akazigeuza Simba na Yanga. Jezi akapaka rangi, majina akaandika mwenyewe. Baadaye akaanzisha timu ya tatu ya kitaa chetu, wachezaji ni sisi wenyewe wateja. Ukitaka uingie kikosini unalipa buku. Mimi nilikuwa beki wa kulia. Vyote hivyo vilikaa kwenye memori kadi moja ya MB 8.

KUTOKA KUMILIKI MPAKA KUAZIMA

Hapa ndipo nataka vijana wenzangu mnisikilize vizuri.

Zamani gemu ilikuwa kitu. Unakishika, unakiazima, unakiuza, unakiweka rehani. Mwaka 2013 Microsoft walitaka kubadilisha hilo. Walitangaza kwamba Xbox One itakuwa inakaguliwa kwa intaneti kila baada ya saa 24 na CD itafungwa na akaunti ya mtu. Wachezaji wakachachamaa. Sony nao wakatoa kivideo kifupi cha kuonyesha jinsi ya kuazimana gemu kwenye PS4: mtu mmoja anampa mwenzake CD mkononi, mwenzake anasema asante, basi imeisha. Ndani ya mwezi ule ule wa Juni Microsoft walirudi nyuma.

Tulishangilia, lakini mimi naona tulishinda mechi tukapoteza ligi. Kwa sababu kilichoshindikana kwa nguvu kimekuja taratibu kwa urahisi. Leo unashusha tu. Mashine nyingine zinauzwa hazina hata sehemu ya kuingiza CD. Switch 2 ya mwaka 2025 ina baadhi ya kadi ambazo ndani hakuna gemu, kuna ufunguo tu wa kwenda kuishusha.

Matokeo yake ni haya. Machi 2023 Nintendo walifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U, kama hukuwahi kununua, imekula kwako. Mwaka huo huo taasisi moja ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu ilitoa utafiti: kati ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft walizima seva za gemu ya magari inaitwa The Crew. Hata mwenye CD yake halali mkononi hakuweza tena kuicheza. Jimbo la California likatunga sheria, inafanya kazi tangu 2025, kwamba muuzaji wa mtandaoni asiandike "nunua" bila kukwambia wazi kuwa unachopata ni leseni tu.

Unaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Haya, njoo kwetu. Mwaka 2021 nilijichanga nikanunua PS4 ya mkononi kwenye duka moja hapa mjini. Niliambiwa "ina gemu sita ndani, we cheza tu". Nikacheza wiki mbili. Siku ya kumi na tano nawasha, kila gemu ina alama ya kufuli. Kumbe zilikuwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, kabadilisha nywila. Nimerudi dukani, naambiwa nisubiri. Nasubiri mpaka leo.

Na nikitaka kushusha upya, gemu moja inakula GB 80, nyingine inapita 100. Piga hesabu ya bando mwenyewe.

SIO KILA MKUSANYAJI NI MWENZANGU

Ila msidhani nawaunga mkono wakusanyaji wote. Julai 2021 kopi moja ya Super Mario 64, iko ndani ya nailoni yake haijawahi kufunguliwa, iliuzwa dola milioni 1.56. Mnunuzi hawezi kuifungua, akiifungua thamani imeondoka. Kwa hiyo ana gemu ambayo haitachezwa milele. Kwangu mimi hiyo ni hati ya kiwanja yenye picha ya Mario.

Na wapo wengine mitandaoni wanaopiga picha rafu zao zimepangika kwa rangi, ukiuliza ipi umeimaliza, kimya. Sawa, hela yao. Lakini mkusanyaji kwangu mimi ni mtu anayehakikisha kitu bado kinawaka.

CD zangu mtaalamu wa mnada hawezi kuzigusa hata kwa kijiti. Ni za kukopi, makampuni yangeniita mwizi, na sitabishana nao sana. Ila kuna kitu kwenye boksi langu ambacho hakiko Smithsonian wala kwa yule wa milioni 1.56.

NAMBA KUMI

Kibanda cha Bro kilifungwa 2017, fremu ikawa ya kutoa na kuweka pesa. Bro aliniuzia boksi lote shilingi 30,000. Mashine na CD vyote ningepata Kariakoo, nilichokuwa nanunua ni ile memori kadi.

Kwenye timu ya kitaa, namba kumi alikuwa mshkaji wangu. Jina lake nawaachia familia yake. Alipolipa buku yake alimsumbua Bro nusu saa nzima. Akajiwekea rasta, kasi 99, na urefu wa sentimita 190. Kiukweli alikuwa mfupi kuliko sisi wote. Tulimcheka siku hiyo mpaka Bro akazima TV.

Mwaka 2016 alifariki kwa ajali ya bodaboda. Picha zake nilizonazo ni mbili, zote za simu ya tochi, hazionekani vizuri. Mahali pengine alipobaki ni kwenye hiyo MB 8, anakimbia na rasta zake.

Sasa fikiria kibanda kile kingekuwa cha siku hizi. Timu ingekaa kwenye akaunti, akaunti kwenye seva, na seva iko nchi ambayo hata viza sina. Siku wakizima, wamezima. Hawatajua kama kulikuwa na mtu mle ndani.

Juzi dogo alirudi. Nikachomeka PS2 kwenye TV, nikasafisha CD kwa fulana, ikagoma mara mbili, ya tatu ikakubali. Nikampa timu ya kitaa. Dakika kumi hivi akaniuliza, "Huyu namba kumi mbona ana mbio hivi?" Nikamwambia tucheze kwanza, nitakuhadithia. Alinifunga mbili bila. Zote kafunga yeye, namba kumi.

Kesho yake nilienda kwa fundi Kariakoo, akanikopia ile memori kadi kwenye flashi mbili. Moja ninayo, nyingine nimempelekea mama yake mshkaji. Hana mashine ya kuifungulia na anajua hivyo. Ameiweka kwenye kabati la vyombo.

Kwa hiyo wadau, kama una memori kadi ya zamani droo ya chini, kabla hujatupa iwashe kwanza uone nani yumo. Halafu shuka kwenye komenti uniambie kibanda chako kilikuwa wapi na mechi ilikuwa shilingi ngapi. Na kama Bro unasoma hii, mimi bado nakudai ile mechi umeme uliyokata naongoza tatu moja.