Usambara Mashariki: Nani Alikata, Nani Aliondoka

Kabla ya chai na mkonge, palikuwa na kahawa. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka msitu wa milima ya Usambara Mashariki wakiamini kwamba ardhi iliyobeba miti mikubwa namna ile isingeshindwa na kahawa. Ilishindwa. Udongo ulichoka upesi, na mtaji ukateremka tambarare kwenye mkonge.

Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti huko Amani, juu ya Muheza. Wakoloni pia wakatenga misitu ya hifadhi, na Msambaa aliyezoea kuwinda na kuchuma dawa humo akageuka mvamizi.

Baada ya uhuru, taifa lilihitaji mbao, ajira na fedha za kigeni. Mtambara, mti mrefu ulionyooka, ulifaa kwa plaiwudi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha umma cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna magogo kwa msaada wa Finland, matrekta yakiyakokota kwenye miteremko ambayo mtu huipanda kwa kushika mizizi. Palipobaki uwazi ukaota Maesopsis, mti mgeni ulioletwa na wataalamu wa misitu wenyewe.

Wanasayansi walipiga kelele, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha uvunaji wa mashine ukasimamishwa. Miaka ya 1990 Finland ikarudi, safari hii kugharamia uhifadhi. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini Tanzania. Hoja nzito ilikuwa maji: Mto Zigi hulijaza bwawa la Mabayani, linalonywesha Tanga.

Zamu ya kuzuiwa ikawafikia wakulima wa iliki wa Derema, ukanda wa msitu jirani na Amani. Walilima kivulini, wakifyeka vichaka na kuacha miti mikubwa. Kweli, miche ya msitu haikupata nafasi ya kukua chini ya iliki. Lakini zao hilo ndilo lililolipa ada za shule. Wakatakiwa kuondoka ili msitu uungane tena, na wengi wakasubiri fidia kwa miaka.

Mkulima hakuwa malaika, ila kumweka yeye wa kwanza katika orodha ya waharibifu ni kuisoma historia kuanzia ukurasa wa mwisho. Na kama msitu unalindwa kwa ajili ya maji, anayefungua bomba mjini Tanga naye achangie: fungu la bili yake ya maji lipande kila mwaka hadi vijiji vya mlimani.