Babu si Marejeo? Somo la Uandishi wa Kitaaluma kutoka Ukerewe

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti wa Ukerewe, aliniletea insha ya Kiingereza kuhusu biashara ya masafa marefu katika Ziwa Victoria karne ya 19. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa safi kupita kiasi, zilizofuata hazikueleweka. Nilimwita ofisini, nikamwonyesha aya moja na kumuuliza, "Haya ni maneno ya nani?" Akanyamaza. Nikamwomba basi anieleze kwa Kiswahili anachokijua kuhusu biashara hiyo. Alizungumza karibu nusu saa: mitumbwi, pembe za ndovu, wageni waliotoka kusini, nani kisiwani alitajirika na nani aliumia. Nikamuuliza alikoyapata.

"Kwa babu, mwalimu. Lakini babu si marejeo."

Kauli hiyo imenisumbua tangu siku ile, kwa sababu si yeye aliyeitunga. Ni sisi tuliomfundisha. Katika somo la Stadi za Mawasiliano tunamweleza mwanafunzi upana wa pambizo, mpangilio wa marejeo na adhabu ya wizi wa maandishi. Ni nadra kumweleza kwamba chini ya kanuni zote hizo kuna maswali mawili tu: nani amesema, na kwa nini tumwamini?

Ukerewe yenyewe inatupa funzo. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari hadi seminari ya Rubya, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, akihifadhi ndani yake maisha ya wazee wake: ndoa, uzazi, kilimo, tiba. Hakupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, alifika kisiwani na mkewe Charlotte kufanya utafiti. Walifahamiana na Kitereza, wakamhimiza aitafsiri kazi yake kwa Kiswahili. Kitabu cha Hartwig kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kilitoka mwaka 1976. Riwaya ya Kitereza ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki.

Simlaumu Hartwig, alifanya kazi yake, tena alimsaidia mzee. Ninachokiona ni hiki: katika kisiwa kimoja, mmoja alikuwa na chuo, wachapishaji na lugha inayosomwa duniani, mwingine alikuwa na maarifa. Uandishi wa kitaaluma ndio daraja kati ya hali hizo mbili, na aliyenyimwa daraja hubaki kuwa chanzo cha maandishi ya wengine.

Wala si kweli kwamba taaluma yetu ilimkataa babu. Katika miaka ya 1960 Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilijijengea jina kwa kutetea hoja kwamba Mwafrika ana historia na kwamba masimulizi ni ushahidi. Kitabu cha Isaria Kimambo kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, kilichotoka mwaka 1969, kilitegemea sana masimulizi ya wazee. Lakini hawakuaminiwa kwa kuwa ni wazee tu. Simulizi la ukoo mmoja lililinganishwa na la ukoo mwingine, kisha na maandishi yaliyokuwepo. Huo ndio ufundi wenyewe.

Kwa nini basi ufundi huo haumfikii binti wa Ukerewe? Jibu moja ni lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, lakini sekondari na chuo kikuu vilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985. Serikali haikutekeleza. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliripoti kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Mwanafunzi asiyeweza kuisema hoja kwa maneno yake hulazimika kuazima ya mwingine. Wizi wa maandishi ni kosa, nami huliadhibu. Lakini kosa likirudiwa kizazi baada ya kizazi, mwalimu hana budi kujichunguza pia.

Wapo watakaosema kwamba nataka kushusha viwango. La hasha. Kunakili ni rahisi. Kigumu ni kuandika jina la msimulizi, kijiji chake, tarehe ya mazungumzo, alikoyasikia aliyoyasema, kisha kueleza kwa nini anatofautiana na kitabu. Na si jambo la wanahistoria peke yao. Mtumishi wa umma anayeandaa taarifa ya wavuvi bila kusema alizungumza na nani, na mwanaharakati anayeandika "wananchi wanataka" bila kusema ni wananchi gani, wote wamekosa somo hilohilo.

Yule binti nilimpa sifuri. Kisha nikampa wiki mbili: aende Nansio, azungumze na babu yake na mzee wa ukoo mwingine, aandike hoja yake kwanza kwa Kiswahili, ndipo aihamishie kwenye Kiingereza. Insha ya pili ilikuwa na makosa mengi ya sarufi. Lakini katika ukurasa wa tatu aliandika kwamba babu yake na Hartwig hawakubaliani, akataja sababu za kila mmoja, kisha akasema yeye anamwamini nani na kwa nini.

Sikukubaliana naye. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninabishana na nani.